Kengele ya moto kwenye ukanda wa makuti

Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, paa la makuti lililokauka kwa misimu kadhaa huhitaji cheche moja tu ya jiko la nyama choma. Moto hupanda na fito mpaka kileleni, kisha makuti yanayowaka hung'oka na kupeperuka hadi paa la jirani. Wenye hoteli za Kunduchi, Mlingotini na Bagamoyo mjini wanalijua hilo. Wanalipia ukaguzi wa kinga ya moto chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, wananunua mitungi, wanakata bima. Dakika tano za mwanzo ndizo zinazotengewa fedha kidogo kuliko vyote: nani aitwe, na kwa chombo gani.

Kwa sasa chombo hicho ni simu. Mlinzi wa zamu hupiga 114 ya zimamoto, kisha humtafuta meneja, kisha fundi umeme, mmoja baada ya mwingine, huku moto ukikimbia. Wengine hutegemea kundi la WhatsApp. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, ujumbe wa moto hubaki ukizunguka kwenye kioo cha simu.

Kwa sababu hiyo peja, ambayo wengi tunaihesabu kuwa kifaa cha miaka ya 1990, bado ina kazi duniani. Zimamoto wa kujitolea wa Ujerumani huvaa peja kiunoni hadi leo. Mwaka 2019 hospitali za umma za Uingereza zilikuwa bado na peja zipatazo 130,000, ingawa ziliagizwa ziziache. Uzuri wake ni huu: mtambo mmoja wenye nguvu hurusha ujumbe mara moja, na wote huupata kwa pamoja, hata aliye nyuma ya ukuta mnene. Betri ndogo hudumu kwa wiki kadhaa. Ubaya wake ni mkubwa vilevile. Peja ya kawaida hupokea tu. Aliyetuma hajui kama ujumbe umefika, wala anayekuja hawezi kuuliza lango lipi liko wazi.

Kwa pwani yetu, naona kuanzisha mtandao wa peja ni hasara. Lazima kwanza kusimamishwe mtambo wa kurushia, na wateja ni wachache mno kuulipia. Redio ya upepo ndiyo inayofaa, na walinzi wengi wameshaizoea. Inaita wote mara moja kama peja, na inajibu. Hoteli moja haiwezi kubeba peke yake mlingoti, sola na leseni ya masafa ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Hoteli kumi zikichangia, mzigo unabebeka. Simu ya 114 ibaki palepale, ipigwe na mtu mmoja aliyepangiwa kazi hiyo tu, wakati wengine wameshaanza kulowesha mapaa ya jirani.

Kinachobaki ni udhaifu wa redio yenyewe: betri yake haimalizi hata siku mbili za kazi. Kila redio iandikwe jina la anayeichaji, na ijaribiwe saa kumi na mbili jioni, kabla zamu ya usiku haijaingia.