Kwa Mwenye Hofu ya Kupanda Ndege

Tarehe 28 Oktoba 2025 ndege ndogo iliyotoka Diani kwenda Maasai Mara ilianguka Kwale, wakafa watu wote 11. Basi si ajabu msafiri wa Ukunda au Msambweni akiingiwa na hofu. Hofu hiyo si aibu, nayo yapunguzika.

Apandaye ndege Mombasa na avuke Likoni mapema, kwani haraka huzidisha wasiwasi. Aombe kiti cha karibu na mabawa, ambapo mtikisiko ni haba. Ndege itikisikapo, akumbuke kuwa upepo huichezesha kama mawimbi yachezeshavyo ngalawa; afunge mkanda, avute pumzi polepole. Masikio yakiziba, ameze mate. Tena asione haya kumwarifu mhudumu, maana amefundishwa kuwatuliza wasafiri.