Kadi ya Costco katika nyumba ya watu wawili

Mwaka 1976 mfanyabiashara Sol Price alifungua duka mjini San Diego, Marekani, katika jengo lililokuwa banda la ndege, akaliita Price Club. Sharti lake lilikuwa geni: mteja alipe ada ya mwaka kwanza, ndipo aruhusiwe kununua hata kibiriti. Mwanzoni wateja wake walikuwa wenye biashara ndogondogo. Mwaka 1983 Costco ilifunguliwa Seattle kwa mtindo huohuo, na mwaka huo mfanyabiashara Sam Walton akafungua Sam's Club ya kwanza katika jimbo la Oklahoma. Miaka kumi baadaye Price Club na Costco ziliungana. Leo duka hilo lililoanza kwa ajili ya wafanyabiashara hujaa familia kila Jumamosi, na wenzetu walioko Houston, Columbus au Minneapolis huuliza swali lilelile: sisi tuko wawili tu nyumbani, kadi hii inatulipa?

Kwa aliyezoea Kariakoo, ambako bei ya jumla huipata kwa kubeba katoni nzima na hakuna anayekuuliza kadi, kulipia mlango kunanuka ujanja. Hesabu za kampuni zinaonyesha vingine. Katika mwaka wa fedha wa 2024, Costco ilikusanya takriban dola bilioni 4.8 za ada, huku faida yake ya uendeshaji ikiwa kama bilioni 9.3. Ada hizo pekee ni sawa na zaidi ya nusu ya faida hiyo. Kampuni inayopata kiasi hicho mlangoni haina haja ya kumkamua mteja kwenye rafu, na ndiyo maana Costco imejiwekea kikomo: bidhaa za kampuni nyingine huziongeza bei isizidi asilimia 14 hivi juu ya gharama, na zile za nembo yake, Kirkland Signature, isizidi 15. Aina za bidhaa ni kama 4,000 tu, wakati supermaketi ya kawaida hubeba makumi ya maelfu. Nafuu ya bei, basi, ni ya kweli. Mtego uko kwenye ukubwa wa pakiti.

Tangu Septemba 2024 kadi ya kawaida ya Costco ni dola 65 kwa mwaka. Tuseme bei zao ziko chini kwa asilimia 15 kuliko unakonunua sasa. Ili kurudisha dola 65 utahitaji manunuzi ambayo kwingine yangekugharimu kama dola 433 kwa mwaka mzima, yaani dola 36 kwa mwezi. Hata mtu anayeishi peke yake hufika hapo kwa sabuni ya kufulia, karatasi za chooni na kahawa. Wengi huishia kwenye hesabu hii, wakatoa pochi.

Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba kila ulichonunua umekitumia. Chukua mboga inayouzwa dola 1 kwa ratili kwenye supermaketi. Kwenye duka la uanachama unapata ratili 10 kwa dola 8.50. Nyumba ya watu wawili inakula ratili 8 na nusu, moja na nusu iliyobaki inaota ukungu kwenye friji na kuishia jalalani. Umelipa dola 8.50 kwa ratili 8.50 zilizoliwa. Ni dola 1 kwa ratili, bei ileile ya supermaketi, na ada bado hujairudisha. Kanuni yake ni nyepesi: asilimia unayotupa ikifikia asilimia uliyopunguziwa, punguzo limekwisha. Ikizidi, wewe ndiye unayelipa zaidi. Na Wamarekani hutupa sana: Wizara ya Kilimo ya huko inakadiria kuwa kati ya asilimia 30 na 40 ya chakula cha nchi hiyo hakiliwi na mtu.

Kuna upotevu mwingine usioonekana kwenye pipa la taka. Mwaka 1998 Kusum Ailawadi na Scott Neslin, watafiti wa masoko, walichunguza jinsi wingi wa akiba nyumbani unavyobadilisha kasi ya kula. Mtindi ukijaa kwenye friji, watu huula haraka zaidi. Tomato sosi haibadiliki sana. Mimi huwashauri watu wapitishe manunuzi yao yote kwenye kipimo hicho. Hakuna anayefua mara mbili zaidi kwa sababu sabuni ipo nyingi. Lakini katoni ya biskuti, korosho za kukaanga, jibini na soda huondoka kwa kasi ya wingi wake. Huko huokoi, unakula zaidi kwa bei nafuu.

Hapa jiko la Mswahili lina bahati, nadhani kuliko jiko la saladi na mikate laini. Mchele mweupe, maharage makavu, dengu, sukari, chumvi na majani ya chai hukaa. Mfuko wa mchele wa ratili 25, kama kilo 11, haumtishi yeyote anayepika wali mara tatu kwa wiki. Jihadhari na mchele wa kahawia, kwani mafuta yaliyo kwenye pumba zake huharibika ndani ya miezi michache. Unga wa atta nao una tabia hiyo. Nyama hununulika vizuri iwapo una friza na uvumilivu wa kuigawa kwenye mifuko midogo siku hiyohiyo. Ila kumbuka kwamba magunia ya mchele na dengu yapo pia kwenye maduka ya Wahindi, bila ada, na supermaketi za Aldi huuza pakiti ndogo kwa bei ya chini bila kadi yoyote. Kwa hiyo bei ya kulinganisha nayo ni ya hapo unaponunua kweli. Kama wewe ni mteja wa Aldi, asilimia 15 niliyoitaja juu inaweza kuyeyuka yote.

Kwa hiyo katika nyumba ndogo mimi huanza na visivyoliwa. Petroli haiozi. Ikiwa pampu ya Costco iko chini kwa senti 20 kwa galoni, unahitaji galoni 325 kurudisha ada, sawa na kujaza tangi la galoni 12 mara 27, kama kila wiki mbili. Lakini hiyo ni kwa anayepita hapo akienda kazini. Ukizunguka maili 10 za ziada kwa gari linalokwenda maili 30 kwa galoni, umechoma theluthi ya galoni, kama dola moja, kati ya dola 2.40 ulizokuja kuokoa. Na foleni sijaitia bei. Matairi manne au miwani mipya vinaweza kumaliza suala la ada kwa siku moja, ila si kila mwaka mtu hununua matairi. Asiye na gari kabisa sioni sababu ya kulipa.

Kadi ya juu, Executive, ni dola 130 na hurudisha asilimia 2 ya manunuzi mengi. Ili nyongeza ya dola 65 ijilipe lazima utumie dola 3,250 kwa mwaka, karibu dola 271 kila mwezi, ndani ya duka hilo moja. Karani wa kaunta atakushawishi; kwa watu wawili mwambie asante, bado.

Na jihadhari na vishawishi vya njiani: kuku wao wa kubanika wa dola 4.99, bei iliyosimama tangu 2009, huwekwa mwisho kabisa wa duka. Kumfikia unapita televisheni, makoti na mahema.

Wapo walioamua kugawana. Mwenye kadi anaruhusiwa kuingia na wageni, mradi alipe yeye, na kurudi nyumbani kugawana katoni ya mafuta ya kupikia au mfuko wa vitunguu na jirani. Kadi yenyewe haiazimwi. Tangu 2024 huskaniwa mlangoni na picha hutazamwa. Kila uanachama una kadi ya pili ya bure, lakini kwa mtu wa anwani hiyohiyo.

Anayesitasita anaweza kuomba mwanachama amnunulie kadi ya zawadi ya Costco, ambayo hutumika hata na asiye mwanachama, akaingia na kuandika bei za vitu kumi anavyonunua kila mwezi. Dawa za daktari hununuliwa kwenye famasi yao bila uanachama. Na ukijiunga kisha risiti za mwaka zikaonyesha umepoteza, Costco huahidi kurudisha ada yote wakati wowote kwa mwanachama asiyeridhika. Nenda kaunta ya uanachama na, kama uliridhia ada ikatwe yenyewe kila mwaka, uende kabla haijakatwa tena.