Tumbo Linajaa Kila Siku? Mbaazi Hazina Kesi

Junju, tumbo likijaa, wa kwanza kulaumiwa ni mbaazi za nazi. Mtu anaacha mbaazi, anaacha muhogo, na wiki ya tatu bado suruali haifungi. Basi huenda shida haiko kwenye sahani.

Tuanze na vijana wa maskani. Muguka huchelewesha chakula tumboni na hufunga choo. Choo kikikwama siku nne, gesi nayo inakwama. Ongeza chingamu unayotafuna nayo: kila ukitafuna, unameza hewa. Mei 2024, Gavana Gideon Mung'aro alipopiga marufuku muguka Kilifi, kabla mahakama haijasimamisha agizo hilo, watu walibishana kuhusu biashara na akili za vijana. Tumbo halikupata wakili.

Kuna bandama pia. Junju ni eneo la malaria. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, walioko Kilifi tangu 1989, wamefuatilia watoto wa hapa kwa miaka mingi. Malaria ikirudi-rudi, bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto, huvimba na kubana tumbo. Matonge mawili tu, umeshiba. Dawa ya gesi haisaidii chochote hapo.

Lakini ninayetaka umfikirie zaidi ni mamako, au shangazi. Saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai, mara nyingi hujitokeza hivi hivi: tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu chini ya kitovu, mkojo wa kila saa. Mambo ya kawaida kabisa, ndiyo maana anauziwa vidonge vya gesi miezi na miezi. Uingereza, mwongozo wa madaktari wa 2011 unasema mwanamke mwenye dalili hizi mfululizo, hasa zikizidi mara 12 kwa mwezi na akiwa na miaka 50 au zaidi, apimwe damu. Majibu yakiwa juu, apigwe altrasaundi. Wengi hawatapatikana na saratani. Lakini muuza dawa hawezi kuona ndani ya tumbo akiwa nyuma ya kaunta.

Kwa hivyo weka hesabu ya siku kwenye simu. Ukifika zahanati taja idadi, useme kama unakonda huku tumbo likikua, na uombe ulazwe kitandani, ubonyezwe tumbo lote. Ukiona damu kwenye choo, au tumbo limekuwa gumu na unatapika, achana na hesabu. Panda boda leo.