Taa 64 za Migori: Binti Aliyetaka Kulijenga Ziwa



Likizo ya Agosti nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda Migori kumzuru mdogo wangu, aliyeolewa huko miaka mingi sasa. Wiki ile ile tukapanda gari kupitia Awendo na Rongo hadi Homa Bay kuwajulia hali wakwe zake. Baada ya sala ya isha tuliketi nje tukipunga upepo. Mwezi ulikuwa umekwisha na giza lilikuwa totoro. Nilipotazama upande wa Ghuba ya Winam niliona taa nyingi zimetapakaa, nyingine karibu, nyingine mbali sana, nikauliza ule ni mji gani ng'ambo ya maji.

Binti wa mdogo wangu, aliye Gredi ya 8, akacheka kwa adabu. “Mama mkubwa, ule si mji. Ni wavuvi wa omena.”

Omena ndio dagaa wa Ziwa Viktoria. Huvuliwa usiku wa giza: taa huelea juu ya maji, samaki huifuata nuru, kisha nyavu hutandazwa. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu, na wavuvi wengi hupumzika. Na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa kwa sheria upande wa Kenya ili samaki wazaane. Hivyo tulichokiona kilikuwa ndio kwanza msimu umefunguliwa.

Binti yule aliniambia kwamba alikuwa amejaribu mara kadhaa kulichora ziwa lile la usiku kwa ajili ya kazi ya shule, na kila mara alishindwa. “Karatasi haina kina,” alisema. “Taa ya mbali na taa ya karibu zote hukaa mahali pamoja.” Alitaka kutengeneza kitu ambacho mtu angekizunguka na kukitazama kila upande. Nami, wasomaji wangu, nilirudi naye Migori nikiwa nimekwisha kuahidi kumsaidia, bila ya kujua nilichokiahidi.

Nyumba ya ghorofa 4 na nguzo 16

Kitu alichokitaka kina jina miongoni mwa mafundi: mchemraba wa taa. Ni taa ndogo za LED zilizopangwa safu juu ya safu, 4 kwenda mbele, 4 kwenda kando na 4 kwenda juu. Jumla yake ni taa 64, na kila moja huweza kuwashwa peke yake. Kwa kuwasha hii na kuzima ile, hutokea umbo lenye kina: wimbi, mvua, au mashua zinazosogea gizani.

Kinachoziamuru taa hizo ni maikrokontrola, yaani kompyuta nzima iliyokusanywa ndani ya kijipande kisichozidi ukubwa wa kucha. Hatuioni, lakini tunaishi nayo: imo ndani ya mita ya umeme ya tokeni, ndani ya mashine ya kufulia na ndani ya rimoti ya televisheni. Sisi tulitumia bodi iitwayo Arduino Uno. Mradi wa Arduino ulianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasiokuwa wahandisi wapate chombo rahisi cha kujifunzia. Bodi hizo hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki. Aliye mbali huagiza Nairobi na kuletewa kwa basi.

Hapo ndipo lilipozuka swali la kwanza. Bodi ile ina njia 20 tu za kutolea amri, ilhali taa ni 64. Zitatosha vipi?

Jawabu lake ni la mtu anayejua kutafuta nyumba ya jirani. Fikiria jengo la ghorofa 4, na ndani yake nguzo 16 zinazopanda kutoka chini hadi juu. Huhitaji kumpa kila mkaazi barabara yake. Unasema tu: ghorofa ya tatu, nguzo ya saba. Kila nguzo ina waya wake, na kila ghorofa ina waya wake. Nguzo 16 na ghorofa 4, jumla ni 20, sawasawa na njia za bodi. Taa itawaka pale tu nguzo yake na ghorofa yake zinapoitwa kwa pamoja.

Pia ya Ibn al-Haytham

Lakini mpango huu una mtego. Ukiita ghorofa mbili na nguzo mbili kwa wakati mmoja ili uwashe taa 2, zitawaka 4, kwa kuwa kila nguzo hukutana na kila ghorofa iliyoitwa. Kwa hiyo maikrokontrola haiwashi ghorofa zote pamoja hata kidogo. Huwasha ya kwanza, ikaizima; ikawasha ya pili, ikaizima; hivyo hadi ya nne, kisha ikarudi mwanzo. Tuliipangia kila ghorofa sehemu 4 za elfu za sekunde, kwa hiyo mzunguko mzima hurudiwa mara 60 na ushei kwa kila sekunde. Jicho haliwahi kuona giza la katikati. Huona taa zote zimetulia.

Nilimwomba binti apunguze mwendo hadi nusu sekunde kwa kila ghorofa. Nuru ikawa inaruka juu kama mtoto anayepanda ngazi. Akaongeza mwendo kidogo kidogo, nuru ikatetemeka, kisha ghafla mchemraba wote ukasimama mbele yetu.

Jambo hili lilimshughulisha mwanachuoni wetu miaka elfu moja iliyopita. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufanya kazi Misri, aliandika katika Kitab al-Manazir kuhusu pia iliyopakwa rangi mbalimbali: ikizunguka kwa kasi, mtazamaji haoni rangi moja moja bali huona rangi moja iliyochanganyika. Akafahamu kwamba kuona kunahitaji muda, hata uwe mfupi namna gani. Watoto wetu wa pwani wamecheza pia tangu zama. Alipoona pia, mwenzetu huyu alijiuliza kuhusu jicho. Nilimsimulia binti kisa hicho, naye akachora pia ubavuni mwa daftari lake la programu.

Kazi ya mikono

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, hivi ndivyo tulivyofanya.

Tulianza kwa kupima taa zote 64 moja moja kwa betri bapa ya volti 3. Mguu mrefu wa LED ndio chanya, mfupi ndio hasi; ukiigeuza haiwaki. Kisha shemeji, ambaye hutengeneza simu na vifaa vya sola sokoni, alitutobolea mashimo 16 kwenye ubao, kila shimo sentimita 2 kutoka kwa jirani yake. Ubao huo ndio kalibu: taa huingizwa kichwa chini, na zote zikakaa sawa bila ya kushikwa.

Miguu hasi ya kila ghorofa ilikunjwa na kuunganishwa pamoja kwa lehemu. Miguu chanya iliachwa imesimama, ili ghorofa zikipandishwa, ya juu ilehemiwe na ya chini, na nguzo zikamilike. Kila nguzo ilipitishwa kwenye rezista ya omu 330, ambayo hupunguza umeme usije ukaunguza taa. Na kwa kuwa ghorofa moja huweza kubeba umeme wa taa 16 kwa pamoja, mzigo ambao njia moja ya bodi haiwezi kuuhimili, kila ghorofa iliwekewa transista yake. Transista ni kama bawabu: amri ndogo ya bodi humtosha afungue mlango mkubwa.

Mdogo wangu hakufurahia. Siku ya pili alisimama mlangoni akasema, “Dada, umeme si mchezo. Na mtoto wa kike kushinda juani na pasi ya moto mkononi kutamfaa nini?” Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa kidato cha pili, katika maabara wavulana walishika nyaya na sisi wasichana tukaandika namba walizotusomea. Niliufaulu mtihani, lakini hadi leo sijui kubadilisha plagi. Nilimjibu kwamba hofu yake ina haki, na tukaweka masharti: kulehemu ni nje ya nyumba kwenye upepo, mbele ya baba yake, wadogo wasikaribie, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwani lehemu nyingi ina madini ya risasi.

Taa moja ya katikati

Siku ya nne tulimaliza. Tukaunganisha, tukawasha. Taa 63 ziliwaka. Moja, ya ghorofa ya pili, nguzo ya katikati kabisa, ilikuwa kiza.

Mahali pale mkono haupiti. Kuifikia kulimaanisha kubomoa ghorofa mbili za juu, kazi ya siku nzima. Binti alilia. Shemeji alisema iachwe, nani angeiona? Lakini kila alipowasha wimbi lake, wimbi lilifika pale likawa na shimo.

Kosa lilikuwa letu sote. Tulipima taa kabla ya kulehemu, hatukuzipima baada yake. Joto la pasi likikaa sana mguuni huiua taa iliyokuwa nzima. Tungepima kila ghorofa kabla ya kupandisha inayofuata, tungeigundua ikiwa bado ubaoni, na kuibadilisha kungechukua dakika mbili. Asubuhi yake, kabla sijaamka, binti alikuwa ameketi uwani na koleo, anafungua nguzo moja baada ya nyingine. Pembeni yake aliketi mama yake, amemshikia ubao.

Faida yake ni ipi?

Msomaji ataniuliza: baada ya taa kuchezacheza, kuna nini tena? Swali hili lijibiwe na watu wa ziwa lenyewe.

Wavuvi wa omena walizoea karabai za mafuta ya taa, zenye gharama kila usiku na moto juu ya chombo cha mbao. Wengi sasa wanatumia taa za LED na betri za sola. Karibu na Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, kiko kisiwa cha Rusinga. Huko, kuanzia mwaka 2013 hadi 2015, watafiti wa taasisi ya ICIPE na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi waliweka katika kaya zaidi ya 4,000 mitego ya mbu yenye harufu inayofanana na ya binadamu. Mtego ulihitaji umeme wa feni, na kisiwani nyumba nyingi hazikuwa na umeme. Basi paneli ile ile ya sola ilizipa nyumba taa 2 za LED na mahali pa kuchajia simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet: palipowekwa mitego, kiwango cha malaria kilikuwa chini kwa karibu asilimia 30. Mama aliyepata mtego alipata na mwanga wa kusomeshea wanawe.

Karibu na Nairobi, mvulana wa Kimaasai, Richard Turere, akiwa na umri wa miaka 11, aliunganisha taa zinazowaka kwa zamu kulizunguka zizi la baba yake, simba wakadhani kuna mtu anatembea na kurunzi. Hakuwa mhandisi. Alijifunza kwa kufungua redio ya mama yake, na mama alikasirika kama mdogo wangu alivyokasirika.

Kina mama wenzangu, nyumba zetu zimejaa vyombo ambavyo hatuvifungui mpaka aje fundi. Si lazima kila binti awe mhandisi. Lakini binti aliyewahi kuitafuta taa moja mbovu kati ya 64 hataogopa tena kuuliza kitu kinafanyaje kazi, wala hatadanganywa upesi na fundi. Tahadhari moja niiongeze: taa zinazopepesa kwa kasi ndogo huweza kumdhuru mwenye kifafa. Kwa hiyo mwendo upunguzwe kwa majaribio mafupi tu, na mwenye maradhi hayo asiwepo.

Usiku wa mwisho kabla ya kurejea Mombasa tulizima taa za ukumbini. Binti akawasha mchemraba wake. Nuru zilianza chache, chini kabisa, zikaongezeka, nyingine mbele, nyingine nyuma, zikasogea taratibu kama zile za Homa Bay. Tukalizunguka ziwa lake tukilitazama kila upande, na lilikuwa na kina.

Mdogo wangu hakusema neno. Aliingia chumbani, akatoka na taa ya sola iliyokufa tangu Ramadhani, akamwekea bintiye mapajani. “Itazame na hii,” alisema.