Majitu Mawili Juu ya Nemba

Mwezi wa pili, mvua za vuli zikishaondoka na masika bado hayajabisha hodi, sogea mbali na taa za madukani, simama saa tatu usiku na utazame kusini. Nyota kali iliyo katikati ya upeo na utosi ni Canopus, ambayo Waarabu huiita Suheli. Nyoosha mkono, pima vidole vitatu au vinne kuelekea kulia. Utaona nyota ya wastani, isiyo na makeke. Hiyo ni Beta Pictoris. Kwa mkazi wa London nyota hii haichomozi kamwe. Kwetu Nemba, Tanzania, karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, inapanda juu vizuri na kuonekana kwa macho matupu.

Nyota hiyo ina sayari majitu. Lakini Watanzania tuna jitu letu tayari. Desemba 2019, katika shindano la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, nyota WASP-71 ilipewa jina la Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite. Usiku wa Oktoba au Novemba Mpingo hupita karibu kabisa na utosi wa Nemba, ila ni hafifu mno. Iko zaidi ya miaka ya nuru 1,000 kutoka hapa. Mradi wa WASP, ulioigundua sayari hiyo, ulitumia lenzi za kamera za Canon, za aina ambayo mpigapicha wa michezo angeweza kuinunua, zilizotegeshwa La Palma na Sutherland, Afrika Kusini. Sayari ikikatiza mbele ya Mpingo, mwanga hupungua kwa chini ya nusu ya asilimia moja. Basi. Kwa kupungua huko tu tunajua ipo.

Tanzanite ni sayari ya gesi yenye uzito unaozidi mara mbili ule wa Mshtarii, na huzunguka nyota yake kwa siku 2.9. Hapo ndipo fumbo lilipo. Jitu la kiasi hicho haliwezi kwa urahisi kuumbika jikoni namna ile, karibu na moto wa nyota; yaelekea liliumbika mbali, kisha likasogea. Lilisogezwa na sahani ya gesi na vumbi iliyoizunguka nyota, au lilisukumana na sayari nyingine? Kumwuliza Mpingo leo ni kumwuliza mzee habari za siku aliyozaliwa.

Beta Pictoris ni mtoto. Ina umri wa miaka milioni 20 na ushee, ilhali Jua lina bilioni 4.6. Jua likiwa mtu wa miaka 46, Beta Pictoris ina miezi miwili na siku kadhaa. Ziwa Victoria, linalokadiriwa kuwa na miaka 400,000, ni changa kwake. Ila nyota hiyo ilikuwa imewaka juzi tu pale jamaa wa kale wa sokwe walipoishi katika misitu ya Rusinga, upande wa Kenya, miaka milioni 18 hivi iliyopita. Sahani yake ya vumbi, iliyopigwa picha mwaka 1984 kutoka Chile, bado imeizunguka.

Novemba 2003 darubini kubwa ya Paranal, nchini Chile, ilinasa nukta hafifu pembeni mwa nyota hiyo. Anne-Marie Lagrange na wenzake waliitangaza mwaka 2008, kwa tahadhari, maana huenda ilikuwa nyota ya nyuma iliyojipanga tu kwenye mstari. Mapema 2009 wakatazama tena: hakuna kitu! Nadhani kuna waliolala vibaya wiki hiyo. Mwishoni mwa mwaka huohuo nukta ikajitokeza upande wa pili wa nyota. Ilikuwa imezunguka.

Sayari hiyo, Beta Pictoris b, ina uzito wa takriban Mshtarii kumi, na iko mbali na nyota yake kama Zohali ilivyo mbali na Jua. Joto lake ni zaidi ya nyuzi 1,400, nalo silo la kuota moto wa nyota. Tanzanite ni chungu kilichokaa mafigani. Beta Pictoris b ni tofali lililotolewa tanurini, bado linapoa. Mwaka 2014 ilibainika kwamba siku yake moja ni saa 8 hivi, na gesi ya ikweta yake inakwenda karibu kilomita 100,000 kwa saa. Mwaka 2019 akapatikana ndugu yake, Beta Pictoris c, aliye karibu zaidi na nyota, lakini bado yuko mbali nayo kuliko Tanzanite ilivyo mbali na Mpingo. Majitu haya mawili hayajaingia jikoni.

Mzunguko mmoja wa b huchukua takriban miaka 23. Mtoto aliyezaliwa Nemba mwezi ule wa picha ya kwanza huwa mtu mzima kabla sayari haijarudi pale ilipopigwa picha. Muda huohuo Tanzanite inakuwa imeizunguka Mpingo karibu mara 2,900.