Ziwa Lililoachwa na Barafu

Leo napenda tuzungumze juu ya barafu na maziwa. Najua wako watakaosema, "Mchungaji, barafu inatuhusu nini sisi watu wa Eldoret, ambao baridi yetu kubwa ni ile ya Timboroa?" Ngojeni kidogo. Asubuhi isiyo na mawingu, tazameni upande wa kaskazini-magharibi, mtauona Mlima Elgon. Huko juu, yapata mita 4,150 kutoka usawa wa bahari, kuna ziwa dogo liitwalo Kimilili. Bakuli la ziwa lile lilichimbwa na barafu.

Kazi hiyo ilifanyika hivi. Theluji ikianguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote, ile ya chini hushindiliwa mpaka ikawa barafu ngumu. Uzito ukizidi, barafu huanza kuteremka polepole mno kama uji mzito, imeshika mawe tumboni mwake, ikikwangua mwamba kama msasa. Joto likiongezeka hurudi nyuma, ikaacha shimo, na mbele ya shimo tuta la mawe. Maji hujaa humo. Barafu ya Elgon ilikwisha zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, lakini ziwa bado lipo, na wataalamu wamechimbua tope lake wakasoma katika chavua ya kale habari za misitu iliyokuwako.

Sasa twendeni mbali, mahali ambapo kazi hiyo haijakwisha. Katika bara la Antaktika, kwenye Ncha ya Kusini ya dunia, kuna ziwa liitwalo Bonney, ambalo mwaka mzima limefunikwa na barafu yenye unene wa mita kadhaa. Je, mbona ziwa lote haligandi mpaka chini? Wenye friji nyumbani wameona kipande cha barafu kikielea ndani ya gilasi. Maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4 hivi za Sentigredi. Yakipoa zaidi huwa mepesi tena, na yakiganda hupanda juu. Basi barafu hukaa juu kama blanketi, na maji ya chini hubaki maji. Hata humo gizani mna mimea midogo sana, inayoishi kwa mwanga hafifu unaopenya.

Ziwa lile halina mto wa kulitoa maji. Hunyweshwa na barafu ya milima iliyo kando yake, wakati wa kiangazi kifupi. Mwaka 1903 nahodha Robert Scott na wenzake walifika huko, wakaona sehemu moja ziwa limebanwa, upana wake yapata mita 5 tu. Tangu siku zile maji yamepanda zaidi ya mita 10, na penye shingo nyembamba pamepanuka. Barafu ya mlimani ikiyeyuka zaidi kidogo tu, ziwa huongezeka. Ikiyeyuka kidogo, hupungua.

Kati ya hali hizo mbili uko Mlima Kenya wetu. Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, barafu iitwayo Lewis ilifika chini kuliko leo. Kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza yapata asilimia 90 ya ujazo wake, na mwaka 2014 ilikatika vipande viwili. Jirani yake, barafu ya Gregory, imekwisha kabisa. Chini ya Lewis sasa kuna ziwa dogo penye kitanda cha barafu ya zamani. Usiku huweza kupata ngozi nyembamba ya barafu, na jua likipanda huyeyuka. Maziwa ya namna hii hupokea unga laini wa mwamba uliosagwa. Katika ziwa la Hausberg, katika mlima huo huo, wataalamu wamesoma tabaka za tope na kujua ni lini barafu ilikua na lini ilipungua, miaka 6,000 kurudi nyuma.

Watu wengi huniambia kwamba barafu ikiisha, mito itakauka. Hilo si kweli sana. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, na maji mengi ya mito ya mlimani hutokana na mvua inayoshikwa na msitu na majani ya nyanda za juu. Kwa hiyo hushangaa kumwona mtu anayelilia barafu huku shoka liko begani. Lakini hasara ipo. Mababu wa Wakikuyu waliomba wakiuelekea mlima ule wenye kichwa cheupe, na wajukuu wao huenda wakaona mwamba mtupu na maziwa machache ya maji safi, kama lile la Kimilili.

Jioni hii, mkiwa na nafasi, fungueni kitabu cha Ayubu, sura ya 38, mahali Bwana anapomuuliza Ayubu habari za barafu na maji yanayokuwa magumu kama jiwe. Kisha someni na watoto. Hadi juma lijalo.