Eksirei ‘safi’ si hakikisho kwamba mfupa ni mzima

MTU akiumwa na mguu kwa majuma kadhaa, kisha eksirei isionyeshe kasoro, mara nyingi hurudi nyumbani na tembe za kutuliza maumivu. Wengi wao hupona. Lakini yapo magonjwa ambayo picha hiyo huweza kukosa kuyaona mapema. Mojawapo ni limfoma ya mfupa.

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokinga mwili. Mara chache huanzia ndani ya mfupa, hasa wa paja. Dalili zake ni maumivu yasiyoisha hata mgonjwa akipumzika, uvimbe, na pengine mfupa kuvunjika bila ajali kubwa.

Kwa nini eksirei huikosa? Kipimo hiki huonyesha madini ya mfupa, ilhali saratani hii huweza kuenea katika uboho huku ganda la nje likiwa bado imara. Kwa kawaida mfupa hupoteza takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini kabla ya picha kuonyesha dosari.

MRI huona uboho vizuri zaidi. Hata hivyo, huonyesha kwamba kuna kitu, bila kuthibitisha ni kitu gani. Kifua kikuu cha mifupa, usaha ndani ya mfupa na saratani nyingine huweza kutoa picha zinazofanana. Mgonjwa anayeanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kutegemea picha pekee huenda akapoteza miezi.

Skani ya PET hutafuta sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi. Humulika saratani, lakini pia maambukizi, na hata mfupa unaopona baada ya matibabu.

Jibu la hakika hutoka maabara. Daktari hutoa kipande kidogo cha sehemu iliyoathirika, nao wataalamu hukichunguza kwa darubini na kemikali zinazotambua aina ya chembe.

Tahadhari: dawa za steroidi, kama vile prednisolone, zikitumiwa kabla ya kipimo hicho huweza kunywesha uvimbe kwa muda na kuuficha ugonjwa. Mweleze daktari kila dawa uliyotumia.

Limfoma ya mfupa ikigunduliwa mapema hutibika vyema kwa dawa za saratani na miale, mara nyingi bila kukata mguu. Basi maumivu yakidumu, rudi hospitalini hata kama eksirei ilikuwa ‘safi’, na uulize kama unahitaji kipimo kingine.